Saba Hutaka Kurudi Nyumbani

Amplifaya iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake. Vumbi lililolala ndani huanza kuungua polepole, likachanganyika na plastiki ya nyaya zinazopata moto, na harufu hiyo ikishakuingia puani haitoki upesi. Niliisikia majuzi kwenye ukumbi wa kanisa letu, tulipokuwa tunajiandaa na mazoezi ya kwaya, na kabla sijajua ninakumbuka nini, nilikuwa nimeshaweka kitabu cha nyimbo chini. Vijana wawili wanaotupigia magitaa walikuwa wanabishana. Mmoja alisema mpiga solo asiyejua nadharia ya muziki ni mtu anayepapasa ukuta gizani. Mwenzake akasema nadharia huua solo, solo hutoka moyoni. Wakanigeukia mimi mwenye mvi. "Mama, wewe unasemaje?" Nikawaambia nina kiu, nikatoka nje kwenda kusimama kwenye upepo.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kigoma mnaikumbuka miaka ile. Maboti yalikuwa yanatua na watu waliobeba magodoro, cherehani, mbuzi, picha za harusi zilizovunjika vioo. Darasani tulikaa wengi kwenye dawati moja na watoto waliosema Kiswahili cha namna nyingine. Mitaani lilipita gari lenye kipaza sauti, likitangaza kwamba asiye na kibali asionekane nje ya kambi, na atakayemficha naye atajibu. Watu wazima walisikiliza huku wanaendelea kumenya mihogo. Sisi watoto tuliacha kucheza.

Nyumba yetu ilikuwa Rusimbi, ya matofali mabichi, na ua wa matete. Baba yangu, Gervas, alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anasikia wimbo redioni akinywa chai, na jioni anaupiga, tena kaongeza chumvi yake. Watu wa Ujiji walisema gitaa lake linaongea Kiha. Mtu akimuuliza amejuaje, anagusa sikio lake na kucheka.

Kisha akaugua. Malaria ilimpanda kichwani, akalazwa, akatundikiwa dripu za kwinini kwa muda ambao mimi niliuona hauishi. Aliporudi nyumbani alikuwa anashikilia suruali kwa mkono isimvuke, na alikuwa mtu mwingine. Nilimwita kutoka mlangoni, "Baba!", naye akaendelea kutazama ukuta. Nikamwita tena. Mama akanishika bega. "Mwache baba yako apumzike, Devota. Nenda kacheze." Nikaenda, lakini sikucheza. Nilikaa nyuma ya jiko nikitafuta nimekosa nini. Kila siku nilipata kosa jipya, kila siku nikalitubu peke yangu, na bado Baba hakugeuka nilipomwita.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaolewa upande huu akiwa msichana. Kwetu hilo halikuwa ajabu, maana nusu ya mtaa ina bibi wa namna hiyo. Lakini miaka ile likawa jambo la kunong'onwa. Msichana mmoja tuliyekuwa tunapanga naye ndoo bombani aliniambia bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha, "Na baba yako naye watamrudisha nyumbani kwao." Nilibeba ndoo yangu mpaka nyumbani, na nilipofika nusu ya maji yalikuwa yamemwagikia mgongoni.

Alasiri moja Mama alikuwa anachemsha mawese uani, Baba amekaa barazani na gitaa lake bila amplifaya, mimi nachambua dagaa. Baba alikuwa anarudia kipande kilekile, na kipande kilikuwa kibaya. Hata mimi mtoto nilisikia kwamba uzi mmoja umelegea na kila anapoupita unalia kama mlango. Yeye hakusikia. Alikuwa anapiga huku uso umetulia, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Hodi hapa. Ninaomba maji ya kunywa."

Mlangoni pa ua alisimama mwanamume mrefu, koti limempwaya, mkononi ana dumu tupu. Kabla hatujamjibu aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Kisha akasema kwa upole, "Samahani, Mzee. Uzi wa pili umeshuka."

Baba akaendelea kupiga. Mgeni akarudia kwa sauti zaidi. Baba akaendelea. Mama akaja mbio, mikono imejaa mafuta, akamtazama mgeni, akamtazama Baba, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikadhani ni moshi. Yule mtu akaweka dumu chini, akaja akachuchumaa mbele ya Baba pale ambapo Baba angemwona, akaonyesha kwa kidole, akashika kikaza uzi na kukizungusha kidogo kidogo mpaka mlango ule ukaacha kulia. Wakatazamana. Mimi mikono yangu ikabaki ndani ya dagaa.

Aliitwa Mwalimu Laurenti. Ng'ambo alikuwa anafundisha muziki kwenye chuo cha walimu. Alivuka na mkewe mpaka Kagunga, na pale ufukweni, watu walipokuwa wanagombania nafasi melini, walipotezana. Yeye alipelekwa kambini. Baadaye mtu akamwambia amemwona mkewe Ujiji, sokoni, naye akatoka kambini bila kibali kuja kumtafuta. Hayo yote aliyasema akinywa maji, kikombe kikimgonga meno.

Mama alijifuta mafuta mikononi kwa kanga. "Utakaa hapa," akasema. "Mtaani nitasema wewe ni kaka yangu umetoka Kasulu. Asubuhi utamtafuta mkeo. Mchana utakaa na huyu." Akamwelekeza Baba kwa kidevu. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu ni nani yako?"

"Simjui."

"Huyu ni mjomba wako. Ni nani yako?"

"Mjomba," nikasema, na tangu siku hiyo nilikuwa nalirudia neno hilo njiani kwenda shule, nisije nikakosea mbele ya mtu mwenye kofia ya askari.

Ndipo masomo yakaanza katika chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Baba alikuwa mwanafunzi mbishi. Nilimsikia akisema muziki uko sikioni, ukiuwekea kanuni unageuka hesabu. Mwalimu hakubishana. Alikuwa anashika kidole cha Baba na kukiweka kwenye shingo ya gitaa, penye vile vichuma vya kupimia sauti. "Huyu ni moja. Hapa ndipo nyumbani. Panda vichuma viwili, huyu ni mbili. Viwili tena, tatu. Sasa kimoja tu, nne. Ukijua nyumbani ni wapi, wote wengine utawakuta palepale walipo, hata nyimbo zikibadilika." Kila nota kwake ilikuwa mtu mwenye tabia yake. Nne mpole. Tano ana nguvu, anasukuma. Saba hana amani.

Mambo yakaharibika kwanza. Jumapili moja mchana Baba alirudi kupiga na bendi kwenye baa moja ya mtaa wa Mwanga, Mama akanituma nimpelekee chakula. Zamu ya solo ilipofika, Baba alianza vizuri, halafu nikaona midomo yake inahesabu. Vidole vikasimama. Bendi ikazunguka bila yeye, mara moja, mara ya pili, watu kwenye meza wakaanza kutazamana. Mzee Shomari, kiongozi wa bendi, mtu wa Kasingirima aliyekuwa anavaa kofia iliyoshonwa kwa mkono hata akiwa kwenye dramu, alimfuata baada ya wimbo na kumsemea usoni, "Gervas, harusi ya Kibirizi ukinifanyia hivi, solo atapiga mwingine. Nimekuvumilia tangu utoke hospitali."

Nyumbani Baba alilitupa gitaa kitandani. "Zamani nilikuwa napiga. Sasa nahesabu tu!"

"Unahesabu huku unatembea," Mwalimu akamwambia. "Lazima utajikwaa. Hesabu hapa chumbani, mpaka siku vidole vihesabu vyenyewe."

Mama alimcheka Mwalimu, kwa sababu yeye naye alikuwa na mwanafunzi wake. Mwalimu alielewana na watu wa mtaa kwa Kiha bila shida kubwa, lugha zetu ni ndugu, lakini shikamoo ilikuwa inamshinda. Kwao walikuwa wanasema "Jambo" tu na kupeana mkono. Akikutana na mtu alikuwa anasita, anampima umri, anapima wake, na mtu anakuwa ameshapita. "Mwalimu," Mama alikuwa anamwambia, "kusita kwako ndiko kutakakotuponza. Usimpigie mtu hesabu. Mwone, ikutoke." Na kila asubuhi kabla hajatoka alikuwa anamsimamisha mlangoni na kujifanya mzee, kijana, askari, jirani, naye Mwalimu anajibu mpaka jasho linamtoka. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nacheka huku nimekunja vidole vya miguu.

Mkewe hakuonekana. Kila mchana Mwalimu alikuwa anarudi na vumbi jipya kwenye viatu, anaketi, anakunywa maji, anachukua gitaa.

Ijumaa kabla ya harusi nilikuwa nimelala kwenye mkeka nyuma ya pazia. Nilimsikia Mama akisema taratibu, neno kwa neno, "Na yakiondoka kabisa?" Baba akajibu, "Kabla hayajaondoka lazima niwe nimeijua njia. Hata nikifumba macho nifike nyumbani." Kisha sauti ya Mwalimu: "Basi tena. Saba usimwache njiani. Saba hutaka kurudi nyumbani. Ukifika saba, nenda."

Niliishika kanga niliyojifunika nikaitia mdomoni. Yakiondoka. Nilijua ni maboti, kwani nini kingine kilikuwa kinaondoka Kigoma miaka ile? Nyumbani nilijua ni wapi, bombani nilishaambiwa. Na njia anayefundishwa Baba kila siku kwa siri, pazia limeshushwa, na mtu aliyetoka huko huko, sasa niliielewa. Kilichobaki ni kujua saa. Na asubuhi yake, Jumamosi, Baba akiwa anafunga kamba kwenye boksi la gitaa, akamwambia Mama, "Tunaondoka saa saba."

Pikapu ya bendi ilipofika nilikuwa nimejificha upande wa choo. Walipakia spika, dramu, amplifaya kubwa ya zamani, wakafunika turubai. Wakaenda kunywa maji. Mimi nikapanda, nikajipenyeza chini ya turubai, nikakumbatia amplifaya. Ilikuwa imetoka kujaribiwa, bado ina joto, na harufu ya vumbi lililoungua ikanijaa kooni. Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa njiani. Nilisikia misikiti ikipokezana tunapopita, na kila adhana ilikuwa inaniambia saba, saba. Nilikuwa nimepanga nikifika nimshike Baba mguu nisimwachie mpaka boti liondoke bila yeye. Sikuwa na mpango mwingine.

Gari likasimama. Nikachungulia, na nilichokiona ndicho nilichokuwa nimekiogopa: maji, mchanga, na maboti marefu ya injini, yale yanayokwenda Kagunga, pua zimeegemea ufuko wa Kibirizi, watu wanapakia. Baba na Mwalimu walikuwa wanateremka kuelekea majini, Baba na gitaa lake begani.

"Baba! Baba, usiende!"

Ufuko mzima uligeuka. Wanawake wa dagaa waligeuka, mabaharia wakageuka, mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake akageuka. Baba hakugeuka. Nilikimbia nikipiga kelele mpaka sauti ikapasuka, na mgongo wake ukaendelea kwenda mbali nami. Mwalimu ndiye aliyesikia, akamgusa bega. Nikamfikia, nikamkumbatia magoti, nikamng'ang'ania.

"Usiende nao! Nimewasikia! Saa saba, nyumbani, nimewasikia!"

Baba aliinama. Hakuwa ananitazama machoni, alikuwa ananitazama mdomo. "Sema tena, Devo. Taratibu."

Nikasema tena. Mwalimu alianza kucheka, halafu kicheko kikamfia. Baba akapiga goti mchangani, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, sikukusikia. Si leo tu. Tangu zile dripu za hospitali masikio yangu yanavuma kama mashine ya kusaga, na ninyi wote mko nyuma ya ule mvumo. Siku nyingine nawasikia kwa mbali. Siku nyingine siwasikii kabisa. Yakiondoka masikio, sijui kazi nyingine. Mwalimu ananionyesha nota zinakaa wapi, ili vidole viwe vinajua njia hata mimi nisiposikia."

"Na saba?"

"Saba ni nota," alisema Mwalimu. Akachuchumaa, akaimba polepole akipanda, do, re, mi, fa, so, la, ti, na hapo kwenye ti akanyamaza. Mawimbi yalipiga. Nilihisi kitu kinaniwasha kifuani. "Unaonaje?"

"Haijaisha."

"Ndiyo. Inataka nyumbani." Akaimba do ya juu, na kifua changu kikalegea. "Tumekuja kunawa uso tu, binti yangu. Vumbi la njiani. Hakuna boti."

Mtu angedhani hofu iliniisha pale. Ilihama tu. Nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakikuwepo, na sasa nimepewa viwili vilivyokuwepo kweli: masikio ya Baba, na kibali ambacho Mwalimu hakuwa nacho. Nilikaa chini pembeni ya jukwaa lao la mbao, uwanja wa harusi ukiwa hatua chache juu ya ufuko, nikimtazama Baba aliposimama karibu na spika kiasi kwamba goti lake linaigusa. Sasa nilijua kwa nini. Alikuwa anasikiliza kwa mguu. Mpiga gitaa la rizim, lile linalosindikiza solo, alikuwa amesafiri msibani, kwa hiyo Mwalimu ndiye alikuwa upande wa pili na gitaa la kuazima, na kila wimbo ulipobadilika alikuwa anamgeukia Baba ili amwonyeshe vidole vyake viko wapi. Mzee Shomari alikuwa anawatazama wote wawili juu ya dramu zake.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Bibi harusi alikuwa bado hajacheza, alipotokea mzee mmoja mwenye shati jeupe na askari wawili vijana, na nyuma yao kule barabarani lori limesimama. Muziki ulikatika wenyewe. Yule mzee hakupiga kelele. Aliomba radhi kwa wenye harusi, akaanza kupita katikati ya watu akiwauliza mmoja mmoja kwa adabu kwao ni wapi, na adabu ile ilinitisha kuliko bunduki. Akafika kwenye bendi. Akafika kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mzee," Mwalimu alisema, haraka na laini, kama mtu aliyezaliwa Rusimbi.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, Mzee."

"Kwenu wapi?"

"Kasulu, Mzee. Heru. Hapa nipo kwa dada yangu."

Mzee akamtazama kidogo. Macho yake yakashuka yakanikuta. "Na wewe mtoto, huyu unamjua?"

"Mjomba," nikasema, na mkojo ukanitoka, ukapita mguuni kimyakimya mpaka kwenye kandambili. Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka kwenda. Alikuwa ameshageuka kabisa.

Pale ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mihogo kutoka upande wa maboti alisimama ghafla. Beseni likamtoka. "Mwalimu! Mwalimu Laurenti! Imana ishimwe!" Mungu atukuzwe.

Nilimwona Mwalimu akifumba macho. Alikuwa na nafasi. Angeweza kumtazama kama mtu asiyemjua, na yule mzee wa shati jeupe angeendelea na safari yake. Mama alishamfundisha hata hilo: ukiitwa kwa jina lako, usiitike. Lakini huyu alikuwa jirani yao wa kule, Mama Goreti, aliyevuka nao boti moja. Kama kulikuwa na mtu chini ya jua anayejua mkewe yuko wapi, ni yeye. Mwalimu akafumbua macho, akaweka gitaa chini taratibu lisipige kelele, akamwuliza kwa Kirundi, mbele ya watu wote, "Umugore wanje, wamubonye?" Mke wangu, umemwona?

Mwanamke alipiga hatua moja nyuma. Alifunika mdomo kwa kanga.

Waliwapandisha lorini wote wawili. Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Mwalimu aliomba aninyooshee nguo begani, akaninyooshea, akaenda. Yule mzee akasema kwa bendi, "Endeleeni, jamani. Hatukuja kuvunja harusi ya watu."

Hakuna aliyeanza. Mzee Shomari alimtazama Baba, na nadhani ni wakati ule alipoelewa kila kitu, mgeni na masikio pia, kwa sababu hakusema kwa sauti. Alitamka kwa midomo tu, pole pole: "Gervas. Solo." Kisha akapiga dramu.

Baba alikuwa ameachwa peke yake. Rizim haipo, na mvumo ule, aliniambia miaka mingi baadaye, ulikuwa umepanda mpaka ukameza hata besi. Alikanyaga karibu zaidi na spika. Akaanza. Haikuwa solo ya zamani, ile inayoongea Kiha. Ilikuwa ya nota chache, kila moja imewekwa mahali pake kama sahani mezani. Lakini midomo yake haikuhesabu. Nilimtazama mdomo muda wote kama yeye anavyotutazama sisi, na haukucheza. Lori likawashwa, likaanza kupanda kilima. Baba naye akapanda, nota kwa nota, akafika ile saba isiyo na amani, akakaa pale. Niliitambua. Nikabana pumzi. Lori likapinda, likapotea nyuma ya miembe, naye bado yupo pale, uzi unalia, watu wamesimama na vikombe mkononi. Ndipo vidole vyake vikasogea kichuma kimoja, na wimbo ukafika.

"Umebadilika," Mzee Shomari alimwambia walipokuwa wanafunga vyombo, akimtazama usoni. "Unapiga kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini hujaanguka." Wala hakumtafuta mpiga solo mwingine.

Kwa siku nyingi baada ya hapo tulikuwa tunangoja hodi. Mama alilala na nguo za kutokea. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya ua wetu lilinipeleka chini ya kitanda. Hawakuja. Mwalimu hakutaja alikuwa analala nyumba ya nani.

Mvua zilipokatika, Baba alipata ruhusa kupitia kanisani, tukaenda kambini na lori la parokia, tukiwa na dumu la mawese na samaki wa migebuka waliokaushwa. Tulimkuta Mwalimu mbele ya nyumba ya udongo yenye paa la turubai, amekaa mkekani, ndevu zimeota. Mama Goreti alikuwa amemwambia palepale lorini. Mkewe hakufika Ujiji. Aliharisha Kagunga, ufukweni, siku ileile walipopotezana au ya pili yake, na wakamzika juu kidogo ya mawimbi. Aliyeonekana sokoni alikuwa mtu mwingine. Siku ile tuliyofika ndiyo waliyokuwa wanamaliza msiba.

Baba alikaa karibu naye, bega kwa bega. Kisha Mwalimu akamgeukia ili midomo yake ionekane.

"Harusini. Solo ilikwendaje?"

"Sikupotea."

"Ilikuwa nzuri?"

Baba alifikiri. "Hapana. Lakini sikupotea."

"Uzuri utakuja wenyewe," Mwalimu alisema. "Ila mtu aliyepotea haumfikii."

Kwaya ya kambi ikajipanga. Walimwomba Baba awasindikize, na sikujua atawafuataje, kwa sababu wao waliimba bila ngoma wala spika, sauti tupu, na upepo ulikuwa unapiga maturubai pande zote. Baba alishika gitaa, akasikiliza, na nikaona uso wake unaingiwa na hofu ileile ninayoijua mimi. Hakuwa anapata kitu. Watu wameshaanza ubeti wa kwanza na mikono yake iko juu ya nyuzi tu.

Mwalimu, ambaye ndiye mfiwa, ambaye siku hiyo hakuna mtu angemdai hata neno, alijivuta mkekani mpaka akawa mbele ya Baba. Akainua mkono wa kulia. Akanyoosha kidole kimoja. Kwaya ilipohama, vikawa vinne. Ilipohama tena, vikawa vitano. Baba akamkazia macho, na gitaa likaingia katikati ya zile sauti kana kwamba lilikuwepo tangu mwanzo. Baada ya ubeti wa tatu kwaya ikashusha sauti kumpisha, akapiga solo macho yakiwa hayatoki kwenye mkono ule, na gitaa likaongea tena kama zamani, kwa Kiha chake, lakini safari hii pole pole, kama watu wa kwetu wanavyosema na mfiwa. Mama Goreti alianza kulia. Nilikuwa namtazama Mwalimu tu. Mkono wake ulikuwa umekonda, nami niliogopa utashuka, kwamba atakumbuka ameketi kwa ajili ya nini na utashuka, na Baba atabaki peke yake tena. Ulipoanza kushuka aliutegemeza na mkono wa kushoto chini ya kiwiko.

Kwaya ikamaliza. Kidole kimoja kikabaki juu. Uzi wa Baba ulikuwa bado unalia, kwa sauti nyembamba ambayo yeye hakuweza kuisikia ikizidi kwenda, na Mwalimu akaingoja mpaka ikaisha yote ndani ya upepo. Ndipo aliposhusha mkono, na Baba akajua kwamba kimya kimefika.